Jina Halitolewi Gizani

Getruda alikuwa na mdomo, na wateja wa intaneti kafe yake pale Mpemba walimjua. Virusi vya flashi zao vilipoivuruga Windows kwa mara nyingine, aliifuta yote akaweka Ubuntu, mfumo wa bure. "Sasa leteni hao wadudu wenu," akawaambia.

Leo lakini mdomo wote ulikuwa umemkauka. Mama yake, Mama Ngusa, alikuwa amepanda gari tangu alfajiri kutoka Kamsamba, akaacha ng'ombe wake, na sasa amekaa mbele ya kompyuta na kitenge kipya. Huko Kitwe, ng'ambo ya mpaka, kaka yake Getruda aitwaye Ngusa alikuwa amepata binti, na wakwe wamekusanyika wakimsubiri bibi atoe jina. Kwenye skrini mtoto alionekana vizuri, amekunja vingumi. Wao huko Kitwe waliona giza tupu, kwa kuwa tangu Ubuntu iwekwe kamera ya kafe ilikuwa haifanyi kazi.

"Mulishani, mama?" wakwe wakasalimu kwa Kibemba.

"Bwino," akajibu Mama Ngusa, kisha akamgeukia bintiye. "Mimi namwona. Yeye hanioni."

"Si anakusikia, mama? Taja tu."

"Jina halitolewi gizani. Kwetu mtoto humtazama anayempa jina, ndipo limshike. Kama haiwezekani, wakwe wampe la kwao, mimi nirudi kwa ng'ombe wangu."

Hakuwa anatania. Mwanamke yule akisema hapana ni hapana, na wazee wa Kitwe walikuwa wanaondoka mchana huohuo. Getruda aliogopa kweli. Kompyuta iliiona kamera imechomekwa, ila haikujua kuongea nayo. Kile kipande cha programu cha kuzikutanisha, dereva yake, kilikuwa kimelala ndani ya mfumo. Ilibidi akiamshe kwa mkono. Akafungua dirisha jeusi, akaandika amri, akakosea herufi, mashine ikamkatalia.

"Ng'ombe wa maskini hazai," akanung'unika.

"Wangu wanazaa," mama akasema. "Endelea."

Akaandika tena polepole: sudo modprobe gspca. Mashine haikujibu neno. Mashine hizi zikiridhika hunyamaza, tofauti na watu. Halafu kitaa cha kamera kikawaka kijani, na Kitwe kukalipuka vicheko.

"Dada," Ngusa akasema akijifuta machozi, "mama anaonekana kichwa chini miguu juu."

Getruda hakuwa na muda wa kutafuta amri nyingine. Aliigeuza kamera juu chini, akaifunga kwa mpira wa kubania noti, na wateja waliokuwa wakingoja zamu wakampigia makofi.

Mama Ngusa hakucheka. Alikuwa akitazama kona ya skrini, penye picha ndogo.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama. Ndivyo wanavyokuona."

"Mbona ni mama yangu?" akasema taratibu. Tangu mama yake afariki, hakuwahi kuona jinsi yeye mwenyewe alivyozeeka na kufanana naye. Akagusa paji lile la uso kwenye kona, akagusa na la mtoto. Lilikuwa lilelile, pana, na mkunjo katikati. Mtoto alikuwa ametulia, amemkodolea bibi yake macho.

"Kabula," akasema. "Jina la mama yangu. Karibu nyumbani, Kabula."

Vigelegele vikatoka pande zote mbili za mpaka. Getruda alilia mbele ya wateja wake na hakujali, na Mama Ngusa akasogeza uso karibu na kamera ili mjukuu amwone vizuri.