Aliyepokea Simu

Kitinda alipopata kazi ya kufundisha Kiingereza ughaibuni, nyumbani walimsindikiza kwa vigelegele kana kwamba anakwenda kuapishwa. Ndiye kitinda mimba wa mama yake, ndiye aliyesoma kuliko wote, na jina hilo la utani lilikuwa limemganda tangu anatambaa. Hakuna aliyemuuliza huko aendako atakuwa nani. Hata yeye hakujiuliza. Aliamini atakuwa yeye yule yule, ila mwenye mshahara.

Shule yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Madarasa yalitenganishwa kwa vioo badala ya kuta, ili mzazi akipita koridoni ajionee ada yake inavyofanya kazi. Mkurugenzi, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti hata kidogo, alimpokea kwa chai na maelekezo.

"Wazazi wa hapa wanataka mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza mdomoni," alimwambia. "Kwa hiyo nimewaambia ndivyo ulivyo. Kiingereza ndiyo lugha ya mama yako, na nyingine huna. Ndani ya jengo hili usiongee kingine. Si darasani, si chooni, si kwenye simu. Mzazi mmoja akikusikia, mimi nimekuwa mwongo, na wewe huna kazi."

Kitinda alicheka, akidhani ni utani. Mkurugenzi hakucheka. Pasipoti ya Kitinda ilikuwa kwenye droo ya ofisi ikisubiri kibali cha kazi, naye alikuwa kwenye miezi ya majaribio, na mtu wa miezi ya majaribio hukubali mambo ambayo nduguze wakiyasikia watamwona kapungukiwa akili. Akakubali.

Tena hakukubali nusu nusu. Alipewa rekodi za mtu anayesomea watoto hadithi, akaambiwa aongee vile. Akazisikiliza akipika, akioga, akipiga pasi. Akaipandisha sauti yake, akaipitisha puani, akajifunza kumalizia kila sentensi kwa kicheko kifupi. Ikamkaa kama alizaliwa nayo. Watoto wakampenda, wazazi wakawa wanamwinamishia vichwa koridoni, naye, tuseme ukweli, akaona raha. Hapo ndipo mimi ninapomkasirikia, ingawa hasira yangu haimsaidii mtu.

Raha hiyo iliishia mlangoni mwa shule. Jioni alirudi kwenye chumba chake chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, akavua viatu, akakaa kitandani bila kuwasha taa. Hakuwa na wa kumwambia pole. Wakati mwingine aliongea peke yake, kwa Kiswahili, apate tu kujisikia, na siku moja alishtuka kuona hata hapo sauti inapitia puani. Alijifunika shuka gubigubi na kulia mpaka akapitiwa na usingizi. Asubuhi akanawa uso, akaenda kuimba na watoto.

Mtu pekee aliyemrudishia pumzi alikuwa mama yake, na mama yake alikuwa mgonjwa. Sukari ilikuwa imemtoboa kidonda kwenye unyayo, kidonda kikagoma kupona, madaktari wakasema mguu ukatwe kabla haujaondoka na mwenyewe. Mama akakataa katakata. Kaka mkubwa alimbembeleza, mashangazi wakambembeleza, wote wakagonga mwamba. Aliyebaki ni Kitinda.

"Mama, ukikataa nitalia mpaka wanirudishe nyumbani," alimwambia kwenye simu.

"Ukirudi utaniletea mguu mwingine?" Mama alicheka. "Haya. Siku hiyo wakupigie wewe kwanza. Nikikusikia kwa masikio yangu unasema ndiyo, nitaweka dole gumba. Nisipokusikia, sikatwi kitu. Na huyo kaka yako asithubutu kunisainia, asije akanizika bila radhi."

Upasuaji ulipangwa Jumatatu. Kitinda alishaomba ruhusa ya asubuhi, kwa kusingizia jino, ili akae chumbani kwake na simu yake na lugha yake.

Kidonda hakikusubiri Jumatatu. Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi: viti vimepangwa nyuma ya darasa, akina baba wamekunja mikono, akina mama wameinua simu kurekodi. Kitinda alikuwa katikati ya wimbo wa wanyama, kichwani amevaa masikio ya sungura ya karatasi, simu ikatetema mfukoni. Akaiacha. Ikatetema tena, na tena. Akawagawia watoto kalamu za rangi wachore sungura, akatoka koridoni na masikio yake.

"Mdogo wangu, tuko mlangoni mwa chumba cha upasuaji," kaka yake alisema bila salamu. "Mguu umekuwa mweusi mpaka juu. Daktari anasema ni sasa hivi, hakuna cha Jumatatu. Mama anakusubiri wewe tu. Mwambie ndiyo. Namwekea simu sikioni."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi nzito anazozijua.

"Kitinda? Mwanangu, ni mimi. Wanasema leo. Nikubali?"

Ndiyo, Mama. Hayo tu ndiyo yaliyotakiwa, na yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Hapo mlango wa darasa ukafunguka, akatoka bibi wa mwanafunzi mmoja, kikongwe mwenye mwavuli, akamtazama Kitinda na kutabasamu. Kitinda akatabasamu pia. Na kilichomtoka kikawa Kiingereza, laini, cha puani, chenye kicheko kifupi mwishoni. Alimwambia mama yake mzazi kwamba anaomba radhi, kwa sasa ana darasa, tafadhali apige baadaye, na anamtakia siku njema.



"Samahani, nilidhani ni mtoto wangu," Mama akasema kwa adabu, kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake. "Namtafuta mwanangu, mwalimu hapo kwenu. Nipatie mwanangu, tafadhali."

Yule bibi bado alikuwa amesimama pale pale, anaangaza huku na huku. Kitinda akarudia maneno yale yale ya Kiingereza, polepole zaidi, kama anavyowarudilia watoto. Hakushikiwa bunduki. Hakuna mkono uliomziba mdomo. Aliogopa, na woga ulikuta ile sauti nyingine iko tayari, ikampokonya zamu.

Kwa mbali akamsikia mama yake akimwambia kaka, "Chukua simu yako. Mwanangu hayupo, kapokea mtu mwingine." Upande wa pili wa kioo mkurugenzi alikuwa amegeuza shingo, anatazama koridoni. Kitinda akaizima simu kabisa, akaidumbukiza mfukoni.

Ndipo yule bibi akamsogelea na kumuuliza, kwa lugha ya kwao na kwa ishara za mikono, choo kiko wapi. Hakuwa na neno moja la Kiingereza. Kitinda angeongea Kiswahili, Kiarabu au lugha ya ndege, kwa yule bibi yote yalikuwa mamoja. Akamwonyesha mlango. Kisha akarudi darasani, kwa sababu watoto walikuwa wameshamaliza sungura.

Alijiambia atatoka dakika hiyo hiyo. Lakini baada ya sungura kulikuwa na shairi, baada ya shairi vyeti, baada ya vyeti wazazi wote wakataka kupiga naye picha, mmoja mmoja, na mkurugenzi alimshika kiwiko kwa upendo wala hakumwachia. Kwenye picha zile zote anacheka.

Alipofika barabarani, mbele ya duka la miwani, aliwasha simu akampigia kaka yake. Kaka alipokea.

"Nilikupigia mpaka nikachoka," alisema. Sauti yake haikuwa na ukali, na afadhali ingekuwa nao. "Alikataa. Tulimpigia magoti na daktari naye akapiga. Akasema mwanangu hajasema. Sasa sumu imeingia kwenye damu, presha imeshuka, wanasema hawawezi tena hata kumlaza kwa dawa ya usingizi. Amefumba macho. Wanatuambia tukae naye tu."

"Niwekee sikioni kwake, kaka."

Akaongea. Sauti ya kwanza ilimtoka puani. Akakohoa, akameza mate, akaitafuta ile ya kwao mpaka akaipata. "Ndiyo, Mama. Ni mimi Kitinda. Kubali, Mama. Nasema ndiyo." Alisema ndiyo mara nyingi sana, pale kwenye lami, masikio ya karatasi yamempinda kichwani, mpaka muuza miwani akatoka kumtazama. Kule kwa mama yake kulikuwa na pumzi tu, moja, kisha muda mrefu, kisha nyingine.

Kaka akarudi kwenye simu. Alikuwa analia waziwazi.

"Kuna ujumbe," alisema. "Kabla hajafumba macho, alimtaja yule mama aliyepokea simu yako. Akasema tumshukuru. Ati hakumwelewa, lakini anaongea kwa upole, anaonekana ana utu. Akasema tumwambie amtunzie mwanawe huko ugenini, maana yeye hatamwona tena." Akapenga kamasi. "Ni nani yule, mdogo wangu?"

Kitinda aliegemea kioo cha duka.

"Ni mwalimu mwenzangu," alisema. "Nitamwambia."