Kidogo cha Mwalimu Privatus

Kila masika jembe la Mwalimu Privatus lilivuka mpaka kwa upana wa kidole, na kila masika Clotilda aliona. Aliposema, aliambiwa mjane ana kelele. Mwaka huu mti wa mpaka wenyewe ukahama, ukasimama kwenye migomba yake kama mgeni asiyekaribishwa. Hapo akamwita mzee Gozbert, mwenyekiti wa kitongoji, aje shambani. Majirani wa Kirushya wakafuata. Hakuna aliyetaka kusimuliwa baadaye.

Mwalimu, aliyefundisha fizikia Biharamulo hadi akastaafu, hakukana wala hakukiri. Alitoa somo. Wataalamu, alisema, wameugawa umbali, wakaugawa tena, mpaka wengi wakahisi kuna kipimo kidogo kuliko vyote, ambacho chini yake maneno "hapa" na "pale" hayana maana. Wengine wanabisha, na chombo cha kuamua hakijapatikana. Basi kama wasomi hawajui umbali unaishia wapi, mpaka wa shamba ni nini hata watu wazima wagombane?

Gozbert akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, akamsihi Clotilda amwachie mwenzake hicho kidogo, amani irudi.

Clotilda alikuwa amesikiliza neno kwa neno. Somo lilimpendeza, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Mwalimu, hicho kipimo chako, punje ya harage inaenea humo?"

"Mama, mbele yake hata chembe ya vumbi ni dunia nzima."

"Sasa maharage yako umeyapanda wapi?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akasema kwa upole kwamba kipande chenyewe ni kidogo mno, hakimfaidishi mtu.

"Kama ni kidogo hivyo, kukirudisha hakutakuuma."



Clotilda akaingia kwenye maharage ya Mwalimu, akayatenga majani kwa mkono. Pale ambapo baba mkwe wake alichomeka mti ule, mwaka waliohamishwa na operesheni ya vijiji, chipukizi lilikuwa limetoka ardhini. Aliyeng'oa alibeba shina, akasahau mizizi.

Akashika jembe. Gozbert akamwambia asubiri baraza la ardhi.

"Lije," Clotilda akasema, huku akichimba kuanzia pale kwenye chipukizi. "Litanikuta nimeshapanda."