Matairi ya Nyuma

Mkamwana wangu, Mwanapili, hapandi gari mpaka aizunguke kwanza. Hupita nyuma, akainama, akatazama matairi, ndipo akarudi kushika mlango. Madereva wengine humcheka. Wengine hukasirika, wakamwuliza kama gari ameinunua yeye. Mimi simcheki, kwa sababu nilikuwa naye siku aliyoanza tabia hiyo.

Ilikuwa masika ya mwaka hamsini na sita. Mvua ilinyesha siku kumi na moja bila ya kupumzika. Tulikuwa tukikaa Kizimbani, karibu na shamba la serikali, mimi na Mwanapili na wajukuu wangu wawili. Mwanangu Silima, mumewe, alikuwa Pemba kikazi. Asubuhi moja, baada ya chai, nilimwona karani wa shamba anakuja kwa miguu, mwavuli umepinda kwa upepo. Karani hana kawaida ya kuja kwetu. Alipofika hakubisha hodi mlangoni. Alizunguka mpaka jikoni nilipokuwa mimi, akasema kwa sauti ndogo.

"Bi Kidawa, imekuja simu kutoka mjini. Mama yake Mwanapili amefariki alfajiri. Watamwosha baada ya Adhuhuri, wamzike Alasiri."

Nilimshukuru kwa kuniambia mimi kwanza. Alisema atarudi afisini kupiga simu, awaambie watu wa Kikwajuni kwamba bintiye yuko njiani. Angeweza kumtuma mtu. Alikuja mwenyewe, na viatu vyake vilikuwa vya ngozi.

Nilipomwambia, Mwanapili hakupiga kelele. Aliketi juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, akashika magoti yake.

"Nataka kumwosha mwenyewe, mama," aliniambia. "Yeye alimwosha mama yake kwa mikono yake. Aliniambia, siku yangu ikifika usiniachie watu."

"Utamwosha," nikasema. Nilisema hivyo bila ya kujua.

Tuliwaacha watoto kwa jirani, tukaenda kusimama njiani. Siku zile njia ya chini ilikuwa imekatwa na maji darajani, kwa hiyo magari yote ya kaskazini yalipita juu, kwetu. Njia yetu ilikuwa nyembamba, ya udongo, ina mitaro pande zote mbili. Haikuzoea magari mengi. Mabasi ya mbao, malori, gari za ng'ombe, zote zilipita hapo, na kila iliyopita iliukanda udongo kama unga wa maandazi.

Gari ya Pandu ilifika saa tatu. Ilikuwa nzuri kuitazama. Bodi yake ya mbao ilipakwa rangi ya kijani, taa zimesuguliwa, na matairi mawili ya mbele yalikuwa mapya, meusi, meno yake yamesimama. Niliyaona matairi yale nikafurahi. Nilidhani tumepata gari ya kutufikisha.

Ndani tulikaa karibu na mwanamke wa makamo aliyekuja kutoka upande wa Mkokotoni. Jina lake Bi Wanu. Miguuni pake palikuwa na mizunguko minne mikubwa ya kamba ya makumbi ya nazi, mipya, bado ina harufu ya pwani. Alisogeza kamba zake bila ya kuambiwa ili Mwanapili apate pa kuweka miguu.

"Kamba za nini hizi, mwenzangu?" nikamwuliza.

"Za kitanda. Binti yangu anaolewa mwakani, mwezi wa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha. Fundi yuko mjini, mbao nshampa, sasa anangoja kamba awambe." Alizipigapiga kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni. "Makumbi yalikaa matopeni miezi minane. Nimeyaponda mwenyewe, nimesokota mwenyewe. Sikutaka kamba ya dukani kwa kitanda cha mwanangu."

Kisha akamtazama Mwanapili, akaona hali yake, akaziacha habari za harusi.

Tulifika kwenye kilima saa nne kasoro. Si kilima kirefu. Ukiwa na miguu yako unakipanda huku unazungumza. Lakini udongo wake ni kinamo, ule unaoteleza kama sabuni. Pandu alitia gea, gari ikapanda mpaka katikati, ikasimama. Injini ilinguruma, matairi ya nyuma yakazunguka pale pale, na gari ikaanza kurudi nyuma huku inalala upande mmoja, mpaka gurudumu moja likachungulia mtaroni. Watu walipiga kelele za "Ya Rabi!" Pandu akashika breki, na utingo wake akaruka kutia jiwe.

Tukashuka sote. Hapo ndipo nilipoyaona matairi ya nyuma. Yalikuwa hayana hata jino moja. Yaling'aa kama kichwa cha mtu aliyetoka kunyolewa.

Nyuma yetu lilisimama lori, na nyuma ya lori gari mbili za ng'ombe. Juu ya kilima nako yalisimama mabasi mawili yaliyotoka mjini, hayawezi kushuka, hayawezi kugeuka. Njia nzima ikafungwa. Dereva wa lori, mtu mmoja mnene akiitwa Simai, alishuka akaja kutazama, mikono kiunoni.

"Pandu! Gari umeipeleka kwa kinyozi?"

Watu wakacheka.

"Nenda zako, Simai."

"Niende wapi, na we umeziba njia? Hebu nambie, hii gari inasukumwa na magurudumu gani? Si ya nyuma? Sasa we umenunua matairi mapya mawili ukayatia mbele. Umeivisha viatu mikononi, miguu umeiacha chini!"

Wakacheka tena, na mimi karibu nicheke. Pandu alifuta uso.

"Abiria wanaiona mbele inapokuja," akasema. "Wakiona vipara hawapandi, wanangoja ya mwenzangu. Nilisema masika yakisha nitanunua na ya nyuma."

"Masika yakisha!" Simai akapiga makofi. "Viatu vya matope unanunua kiangazi!"

Wakati wote huo Mwanapili alikuwa amesimama mvuani pembeni. Sasa alianza kutembea. Alikusanya buibui lake mkononi, akapanda kilima peke yake, anateleza, anashika majani, anaendelea. Nilimkimbilia nikamshika mkono.

"Mwanangu, ni maili saba."

"Nitafika."

"Utafika Alasiri."

"Basi nifanye nini, mama? Nikae nitazame wanavyochekana?"

Alisema kwa nguvu, watu wote wakasikia. Kicheko kikakatika. Ikabidi nieleze mimi. Nikasema mama yake yuko Kikwajuni, atakoshwa baada ya Adhuhuri, na huyu ni bintiye.

Sitasahau jinsi Simai alivyobadilika. Hakusema pole nyingi kama wengine. Alivua koti lake, akalitundika kwenye kioo cha gari, akasema, "Pandu, lete jeki. Tunahamisha matairi."

Walijaribu. Jeki ilizama matopeni. Wakaweka ubao chini yake, na ubao ukazama. Wakaleta mawe, jeki ikainama, gari ikaanza kuteleza, na utingo akaponea chupuchupu mkono usibanwe. Wakaacha. Wakakata matawi wakayatandika chini ya magurudumu, sote tukasukuma, wanawake kwa wanaume, na matawi yakarushwa nyuma kama makapi. Mwanapili alisukuma kuliko sote. Matope yalimruka usoni, hakuyafuta. Nilitazama juu kutafuta jua, halikuwapo. Mtu mmoja mwenye saa alinionesha bila ya kunena, ili Mwanapili asisikie. Ilikuwa saa tano na robo.

Bi Wanu hakuwa amesukuma nasi mara ile ya mwisho. Alisimama nyuma ya gari, anayatazama yale matairi. Kisha akamwita dereva.

"We Pandu. Njoo."

"Naam, Bi."

"Mume wangu ni mkwezi. Mnazi ukirowa haupandiki bila ya kitanzi cha kamba miguuni. Kamba ya makumbi ikirowa ndiyo inashika zaidi. Hili tairi lako mguu wake mtupu. Haliwezi kuvishwa?"

Pandu alimtazama Simai. Simai aliinama, akatia vidole katika matundu ya rimu, akayahesabu kimyakimya.

"Inapita hapa," akasema. "Unaizungusha juu ya tairi, unaipitisha tundu hili, unarudi. Lakini itataka kamba nyingi, Bi. Nene."

Bi Wanu alikuwa ameshapanda garini. Alirudi anaburura mzunguko wa kwanza.

Mimi nilimshika bega. "Mwenzangu, hii itakatika. Hutapata kitu hapa. Na harusi?"

"Kitanda kinaweza kungoja," akasema. "Mama yake hangojeki."

Kisha akamgeukia Pandu. "Na we usizikate vipandevipande kama unakata muhogo. Zungusha nzima nzima."

Simai alilala chali matopeni chini ya gari, maji yanampitia mgongoni, na Pandu akawa upande wa pili. Bi Wanu aliwasimamia. Kila fundo alilivuta mwenyewe, na lililolegea alilifungua. "Hivi ndivyo mnavyofunga? Mkwezi angeshazikwa." Hata Pandu alicheka hapo. Mzunguko wa kwanza ulikwisha, na wa pili, na wa tatu. Wa nne alisita kidogo tu, akauweka mkono juu yake. Nilimwona. Kisha akautoa nao.

Pandu alipanda, akawasha, akatia gea ndogo kabisa. Sisi tukaweka mikono. Matairi yalizunguka mara moja tu, halafu nikasikia sauti kama ya mtu anayetafuna, kamba zinauma udongo. Gari ikatetemeka, ikatoka mtaroni, ikapanda. Haikwenda mbio. Ilipanda kama mkwezi hasa, inashika, inajivuta, inashika. Tuliifuata kwa miguu mpaka juu, na watu wa mabasi yale mawili walikuwa wameshuka kutupokea, wakaisukuma na wao hatua za mwisho ingawa haikuhitaji.

Juu kule Pandu alishuka akatazama nyuma. Kamba zilikuwa zimekatika sehemu nyingi, zimejaa udongo, nyuzi zake zinaning'inia. Alimwendea Bi Wanu akaanza kusema kitu.

"Nenda," Bi Wanu akamwambia. "Utasema baadaye."

Kila gari hushusha watu sokoni. Pandu hakusimama sokoni. Aliwaomba radhi abiria, na hakuna aliyenung'unika, akatupeleka mpaka uchochoro wa Kikwajuni, gari ile kubwa ikikwaruza kuta. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa zamani. Bi Wanu alishuka nasi. Alisema hawezi kupita mlango wenye msiba bila ya kutoa mkono wa pole.

Mlangoni tulipokewa na binti mmoja nisiyemjua, na mpaka leo sijui jina lake. Alimketisha Mwanapili kwenye baraza, akamkosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, akamfuta uso, akamvisha kanga safi yake mwenyewe. Yote alifanya upesi. Kisha akamwongoza ndani, mimi nyuma yao.

Bi Sichana, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa akimwosha dada yake, na wanawake wawili wakimsaidia. Alipotuona alisimamisha mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Karani alitwambia unakuja," akamwambia Mwanapili. "Wanaume wameshaniuliza mara tatu kama tumekwisha. Nimemwosha polepole kama naosha mtoto wa siku moja. Sikuweza kukawiza zaidi ya hapa. Yamebaki maji ya mwisho."

Maji ya mwisho ni yale ya karafuu maiti, yaani kafuri. Yalikuwa kwenye ndoo, yameshachanganywa, na kata juu yake. Bi Sichana alishika kata ile akampa.

Mwanapili alimmiminia mama yake maji. Alianza upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Kwenye kucha zake niliona mabaki ya udongo mwekundu wa kilima, ambao hata yule binti hakuweza kuutoa wote, na maji yakaupitia yakautoa. Alipomaliza alimfuta uso kwa taratibu, akambusu kipaji cha uso, ndipo akalia.

Tuliporudi Kizimbani, baada ya hitma, jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa makumbi yanafukiwa wapi. Tulikusanya makumbi ya minazi yetu na ya majirani, tukayafukia penye tope la mto, tukaweka mawe juu. Nilimwambia kamba ni kazi ya watu wa pwani, sisi tutaiharibu. Akasema basi tutaiharibu mpaka tujue. Kumbe hatukuwa peke yetu. Siku moja lori lilisimama mbele ya nyumba, na Simai akashusha magunia mawili ya usumba, nyuzi za makumbi yaliyoshapondwa. "Mke wangu ameponda," akasema. "Mimi nimelala tu chini ya gari." Pandu naye akawa kila akipita anauliza tumesokota pima ngapi.

Kamba zile zilimfikia Bi Wanu mwaka wa pili, mwezi wa Mfunguo Mosi, siku sita kabla ya harusi, ndani ya gari ya Pandu. Tulikwenda wenyewe kumpa. Alizinyoosha uani, akavuta kila sehemu kwa mikono yote miwili, kama alivyoyavuta mafundo siku ile. Mahali pamoja akasimama.

"Hapa alisokota nani?"

"Mimi, Bi," Mwanapili akasema.

"Hapa palikuwa na mawazo." Aliirudia sehemu ile kwa vidole vyake, akaikaza, haikumchukua muda. "Basi. Bibi harusi atalala."

Tulipotoka kuja zetu, gari ilikuwa inangoja njiani, kijani yake inang'aa. Mwanapili hakwenda mlangoni. Alipita nyuma, akainama. Pandu alikuwa ameshika usukani, anamtazama kwenye kioo, hapigi honi, anangoja. Matairi ya nyuma yalikuwa mapya. Ya mbele ndiyo yalikuwa vipara.