Sori ya Mkurugenzi

Mkalimani alifika kiwandani mapema, nguo zimepigwa pasi mpaka kola, moyo unamdunda kwa furaha. Kijapani alichokisomea ujana wake wote kilikuwa kimekaa bure kama sahani za wageni, na leo hatimaye kimepata kazi.

Mezani walikuwapo mkurugenzi, wakili wake, na mama aliyetoka Japani kwa ajili ya mwanawe, fundi aliyeuawa na mashine ya kukata mabati. Marehemu mwenyewe aliketi kando ya mama yake, amevaa ovaroli ambayo mkono wake wa kulia unaning'inia mtupu. Mhudumu alimletea chai kama wengine, akamgeuzia kishikio cha kikombe upande wa kushoto.

Mama aliuliza swali moja tu: nani aliondoa kinga ya ile mashine? Mkurugenzi, ambaye ndiye aliyeagiza iondolewe ili kazi iende mbio, alikohoa, akasema kwa Kiingereza kwamba yuko sori.

Mkalimani akasisimka mwili mzima. Sori ya Kiingereza ni kapu, ndani mna pole, mna samahani, na msikilizaji atajijua. Kijapani hakina kapu hilo, sharti uchague. Tena kazi yenyewe ina taratibu zake: mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya msemaji.

"Bosi, ni pole au ni samahani?" akanong'ona.

"Pole," wakili akawahi. "Pole inatosha sana."

Akatoa pole. Mama aliendelea kuutazama ule mkono mtupu.

Ah, liwalo na liwe! Mkalimani akasimama, akainama mpaka nywele zikagusa meza, akasema kwa Kijapani, "Mimi ndiye niliyekosa. Nakuomba radhi."

Mkono wa ovaroli ukajaa, kuanzia begani mpaka vidoleni, na grisi kwenye kucha. Fundi akageuza kishikio cha kikombe upande wa kulia, akamalizia chai yake. Mama akalia, machozi ya mtu aliyetua mzigo. Mkalimani naye almanusura apige vigelegele.

"Umemwambia nini?" mkurugenzi akauliza.

"Sori," akajibu.

Wakili aliutazama mkono ule, kisha akamwagiza karani aandike kwamba kampuni imetoa pole, basi. Hakuna aliyebisha. Fundi akambebea mama yake mkoba, wakateremka ngazi taratibu. Hawajafika getini, mashine ikawashwa, vilevile bila kinga, na mbele yake fundi mpya anakunja mikono ya ovaroli.