Goti la Mkwe

Watu wa mtaa wa Buyenzi wana heshima, na wakati mwingine ndiyo inayowaponza. Mkwe akimwona mama mkwe wake barabarani, huvuka upande wa pili. Sasa mweke mkwe wa namna hiyo ndani ya chumba cha picha, bila suruali, na mpiga picha awe mama wa mkewe.

Radjabu, fundi wa magari, aliruka kutoka juu ya lori siku mabomu yalipoangukia mji, mwaka 2003, goti likapinduka. Tangu hapo kuchuchumaa chini ya gari kukawa mateso, na fundi asiyechuchumaa ni mpita njia tu. Miaka ilipozidi kupita, mkewe, Miza, alimsukuma mpaka akaenda kliniki ambako mama yake, Asiya, alikuwa akipiga picha za mifupa.

Hapo Daktari Marcellin alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji na kompyuta inayosoma magoti. Gegedu, ule ulaini unaokaa kati ya mifupa miwili kama mpira kati ya vyuma, halionekani kwenye picha, kwa hiyo kompyuta hupima mwanya. Mwanya ukiwa mwembamba, gegedu limelika. Wapasuaji wageni walikuwa njiani, nao wangempokea yule tu ambaye kompyuta imeona ameumia upande mmoja wa goti. Wangenyoosha mfupa, uzito uhamie upande mzima.

Sharti la picha lilikuwa moja: mgonjwa asimame, uzito ubane goti. Akilala, mifupa huachana na goti bovu huonekana zima. Asiya alilijua sharti hilo vizuri. Alijua pia kwamba mgonjwa akisimama, mpiga picha hana budi kumshika mapaja na kumnyoosha kwa mikono yake mwenyewe.

“Mama, na suruali tena nivue?” Radjabu aliuliza, macho sakafuni. Goti lilikuwa limevimba hata suruali haikuweza kukunjwa hadi juu yake.

“We lala apo kwa meza, mutoto wangu, ujifunike shuka. Mi nitageuka.”

Akalala. Libère, mpiga picha mwenzake Asiya, alikuwa chumba cha pili akinywa chai. Angemwita tu! Lakini kumwita kungekuwa kutangaza kwamba mkwe wake yuko nusu uchi humo ndani. Asiya akajifariji kwamba kompyuta ya Ulaya, yenye akili hivyo, itajua yenyewe.

Haikujua. Ilipima ilichopewa, ikasema goti ni zima.

Wapasuaji wakaja, wakaondoka. Marcellin akamwambia Radjabu aache woga, arudi kazini. Gereji nzima ikamtania kwamba anaumwa uvivu, naye akarudi chini ya magari akiuma meno. Miza alimkanda kwa maji ya moto kila jioni na kumwuliza mama yake mbona mashine inasema uongo. Asiya alibadilisha mazungumzo.

Mwaka uliofuata wageni walipotangazwa tena, Radjabu alikuwa akitembea kwa fimbo. Asiya akamwita Libère, na safari hii picha ikapigwa mgonjwa amesimama. Kompyuta ilitoa jibu palepale: mwanya umekwisha pande zote mbili.

Marcellin aliweka picha ya zamani kando ya mpya. “Hii ya kwanza mulimupiga namna gani?”

“Alikuwa analala, Dokta.”

Daktari alizishusha picha zote mbili. “Mama Asiya, mwaka jana ilikuwa inawezekana. Sasa apana. Hakuna tena upande wa kuhamishia uzito.”

Mficha uchi hazai, wazee walisema, na Asiya alikuwa ameficha uchi usio wake. Alitoka. Alimkuta Radjabu kwenye benchi la nje, akamweleza yote bila kujitetea. Alitaka atukanwe. Matusi yangempunguzia.

“Nilijua, Mama,” Radjabu alisema taratibu. “Dokta alinielezaka mbele ya picha: usimame. We uliposema nilale, mi nikafurahi. Nikasema afazali muguu uumie kuliko kuona haya.”

“Ungeniambia, mutoto wangu!”

“Na we ungeniambia.”

Radjabu akaanza kuinuka, goti likagoma, akayumba. Asiya akanyoosha mkono amshike. Radjabu akaukwepa kwa adabu, akashika ukuta.