Majani Mawili

Nembo yetu ya kwanza ilikuwa mgomba mzima. Mume wangu Manasseh aliuchora pamoja na mkungu wake, tulipoanza kushona jezi kule Nyamache. Mkungu ulikula uzi mwingi, tukauondoa. Baadaye tukaondoa shina. Mwaka huu vijana wa Kisii mjini walitaka kitu chepesi, nikachora majani mawili tu, yamepinda juu.

Sabato iliyopita mtu mmoja alisema kanisani kwamba hizo ni pembe za shetani. Mtu mmoja tu, tena asiyejua hata kushika sindano. Tangu hapo wateja wanarudisha jezi zikiwa zimefungwa ndani ya magazeti, wasiziguse. Jana watu walizichoma mbele ya duka letu. Leo wamejaa ng'ambo ya barabara, na mmoja ana jerikeni ya petroli.

"Mama Sheila, waeleze ni majani," Manasseh ananong'ona huku akifunga komeo.

Nimechukua jezi niwaonyeshe kupitia dirisha. Nimeigeuza huku na huku kwenye mwanga. Niliyachora kwa mkono huu, nikitazama mgomba wa mama mkwe. Nayatafuta hayo majani, na ninaona pembe.