Zamu ya Tarehe Kumi na Moja

Wakili alihesabu kwa mara ya tatu, safari hii kwenye kalenda ya ukutani, akigusa kila mwezi kwa ncha ya kalamu. Kisha akaiweka kalamu mezani.

"Leo ni siku ya mwisho," alisema. "Hilo tulilijua tangu wiki iliyopita. Nililoliona asubuhi hii ni kwamba, kwa karatasi hii, siku ya mwisho ilikuwa jana."

Mkataji hakuketi. Tangu aingie alikuwa kati ya kiti na dirisha, akisogea hatua mbili huku, hatua mbili kule, chumba chenyewe kikiwa hakina nafasi ya hatua ya tatu. Kwa miaka tisa alikata maboksi kiwandani, na katika mwaka huo wa tisa mashine ilimkata yeye vidole vitatu vya mkono wa kulia. Sheria ilimpa miaka mitatu ya kukishtaki kiwanda. Ikipita, haki yako iwe wazi kama jua la mchana, mahakama haikusikilizi.

"Niliumia tarehe kumi na mbili," alisema. "Saa saba na dakika ishirini usiku. Niliangalia saa ya ukutani kwa sababu sikutaka kuangalia mkono."

"Nakuamini, mama. Kitabu cha ajali hakikuamini." Wakili akamgeuzia nakala. "Soma."

Alisoma: tarehe kumi na moja. Mwandiko aliujua, wima na safi kama meno ya chanuo. Ulikuwa wa msimamizi wa zamu, mume wa dada yake. Na sababu aliielewa papo hapo, akashangaa kwamba hakuwahi kuifikiria. Zamu ya usiku iliingia saa nne na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, na lolote lililotokea ndani yake, liwe hesabu ya maboksi, hitilafu ya mtambo au mtu kukatika, liliandikwa kwa tarehe ambayo zamu iliingia. Ndivyo kiwanda kilivyoandika tangu kifunguliwe. Aliyeanza kazi pale alifundishwa hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili hakuliona tena kuwa jambo.

"Kadi ya hospitali je?"

"Ina tarehe kumi na mbili, haina saa. Watasema uliumia tarehe kumi na moja, tuseme saa tano usiku, ukafikishwa hospitali baada ya saa sita. Nani alikuwepo?"

"Msaidizi wangu, ila alihama na simu yake haipatikani. Na shemeji."

"Basi nataka maelezo ya shemeji yako, kwa kiapo, leo. Mahakama hii haipokei madai bila maelezo ya mashahidi, na dirisha la masjala linafungwa saa tisa na nusu." Wakili alisita. "Samahani, lakini mbona mlingoja hivi?"

"Tulikuwa tunazungumza. Kila miezi miwili mitatu shemeji ananiletea neno: ofisi inalifikiria, meneja amesafiri, subiri kidogo."

"Mazungumzo hayasimamishi muda."

"Nimeshaona," alisema mkataji, naye tayari alikuwa mlangoni. Ilikuwa saa nne na robo.

Dada yake alikuwa anapiga pasi ovaroli sebuleni, mlango wazi.

"Amelala," alisema kabla hajasalimiwa.

"Anaamka saa ngapi?"

"Saa tisa, kama siku zote. Si unajua ametoka zamu? Kaa basi. Umesimama kama mtu aliyekuja kukata umeme."

"Saa tisa nimekwisha, dada."

"Mdogo wangu, umengoja miaka mitatu, saa tano zikushinde?"

"Ndizo zinazonishinda."

Alieleza, akizunguka meza ya pasi, na dada yake akawa anageuka naye ili asimpe mgongo. Alipomaliza, dada aliisimamisha pasi.

"Kwa hiyo mume wangu akaape dhidi ya kiwanda, halafu usiku aende akapige kadi palepale, wamchekee. Hivyo ndivyo alivyokwambia huyo wakili?"

"Hakusema watamchekea."

"Unaona? Mimi nina watoto wanne hapa. Watakula nakala?"

"Na mimi nimekula nini miaka yote hii kwa mkono mmoja? Nimekula 'subiri'."

"Usinipandishie sauti kwangu."

"Sijapandisha. Ni nyumba yako ndogo."

Mlango wa chumbani ulifunguka. Msimamizi alitoka na fulana, uso umejikunja kwa mwanga.

"Nimesikia tangu mkata umeme," alisema. "Shikamooni wenye nyumba. Mtu akitaka kulala hapa ahamie barabarani."

"Samahani, shemeji," alisema mkataji. "Nina shida na kitabu chako."

Halikuwa neno la kuanzia. Akaona kidevu cha shemeji yake kinainuka.

"Kitabu changu hakina shida. Miaka kumi na minne, hakuna mstari uliofutwa."

"Kimeandika kumi na moja."

"Kwa sababu zamu ilikuwa ya tarehe kumi na moja. Zamu ni zamu, hata jua likichomoza humo ndani. Nikianza kubadili tarehe saa sita ya usiku, nitajua vipi maboksi ya nani ni ya nani? Wakili wako anataka niseme nimekosea? Siwezi kuapa uongo, hata kwa ajili yako."

Mkataji alitaka kujibu kwa hasira na jibu alikuwa nalo. Akaangalia saa juu ya kabati: saa tano na nusu. Akajilazimisha kusimama mahali pamoja.

"Sijasema umekosea. Nakuuliza tu. Zamu ile iliingia lini?"

"Tarehe kumi na moja, saa nne kamili usiku."

"Na mimi niliumia saa ngapi?"

Msimamizi aliutazama mkono wa mkataji.

"Saa saba na ishirini," alisema msimamizi. "Niliuzima mtambo kwa mkono wangu."

"Basi. Waambie hayo mawili na jinsi kitabu kinavyoandikwa. Wanaojua kuhesabu watahesabu wenyewe."

Msimamizi alisugua macho kwa viganja, kwa muda mrefu. Kisha akalichukua shati kwenye msumari.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mke wake.

"Kueleza kitabu. Nikiwaachia wao, watakieleza vibaya."

"Na kazi?"

"Kazi nitaikuta au sitaikuta." Alifunga kifungo cha kwanza, akasimama hapo. "Shemeji, kuna jingine. Mwaka jana afisa utumishi aliniita ofisini. Akasema, huyo ndugu yako mweke kwenye mazungumzo mpaka mwezi huu wa mwaka ujao upite. Nami nikakuweka."

"Ulijua kwa nini?"

"Sikumuuliza." Akatazama chini. "Mtu asiyeuliza ana lake analolijua."

Damu ilimpanda mkataji mpaka masikioni. Akaona waziwazi itakavyokuwa: atasema, dada ataingilia kati, watarushiana ya miaka yote, na shati litarudi msumarini. Robo saa, pengine nusu. Hakuwa nayo.

"Funga vifungo," alisema. "Twende."

Ndani ya teksi alikaa mbele ili asimwone.

Wakili alichapa maelezo huku msimamizi akimtajia kila neno, akikataa "takriban" mara mbili kwa kuwa yeye hakuwa amekadiria. Maneno ya afisa utumishi aliyakataa pia. "Hayo si ya kitabu," alisema. Wakili alimtazama mkataji. Mkataji aliangalia simu yake: saa saba na dakika arobaini.

"Acha," alisema. "Hayo hayataniongezea muda."

Kamishna wa viapo alikuwa ameenda kula. Walimngoja kwenye benchi la korido, mkataji akiinuka kila nyayo ziliposikika ngazini. Alirudi saa nane na nusu akijichokonoa meno, akasoma kurasa mbili kana kwamba ni barua ya mchumba.

"Unaapa kwa hiari yako?"

"Kwa hiari na kwa usingizi," alisema msimamizi.

"Usingizi tuuache nje," alisema kamishna, akagonga mhuri.

Masjala ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Karani alihesabu kwa kidole kilicholowa, akahesabu tena.

"Nakala tatu za kila kitu. Za kiapo ziko mbili tu."

Wakili alikimbia na viatu mkononi hadi kwenye mashine ya kutoa nakala, chini. Mkataji alibaki ameushika ukingo wa dirisha kwa vidole vyake vyote saba, kana kwamba karani asingeweza kulifunga yeye akiwa ameshika. Karani aliitazama saa, akamtazama yeye, akapanga kalamu zake.

"Usihofu, mama. Wengine hunijia nikiwa nimeshavaa koti."

Wakili alirudi anahema. Mhuri uligongwa mara tatu. Tarehe kumi na mbili, saa tisa na dakika ishirini na mbili. Karani aliandika namba ya kesi, akarudisha nakala moja, akashusha dirisha.

"Hapa ndipo tunapoanza," alisema wakili, akivaa viatu. "Hawatakubali kirahisi." Akaenda.

Msimamizi alikuwa bado kwenye benchi, macho mekundu, shati limefungwa kombo. Alimwona anakuja, akasimama.

"Sasa sema," alisema.

Mkataji alisema. Hakupiga kelele. Alianza na siku ile shemeji yake alipomjia wodini na kumwambia ofisi inalishughulikia, akaendelea na subiri ya pili, wapi waliketi, nani alikuwepo, alivyokuwa amejifunza wiki ile kufunga kifungo kwa mkono wa kushoto. Msimamizi alisikiliza mikono nyuma, bila kuitazama saa. Mlinzi alipokuja na funguo na kuwaomba watoke, mkataji alikuwa amefika mwaka wa pili. Walitoka, wakasimama nje ya lango, naye akaendelea.